Haki ya Askari Aliyeumia na Jamaa Zake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome polepole, kisha kila mwanafunzi asome fungu moja kwa sauti.

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya askari. Hatutazungumza juu ya vita vyenyewe, bali juu ya mambo yanayofuata vita vikiisha. Askari aliyekatwa mguu ataishi vipi? Mjane wake atawalisha nini watoto? Nani atalipa, na atalipa kwa ushahidi gani?

Shikeni neno moja tangu mwanzo: haki ya askari hufuata jina lililoandikwa. Jina likipotea, au likiandikwa vibaya, haki nayo hupotea njiani.

MALIPO YA NAMNA GANI?

Kwanza kuna kiinua mgongo. Hizi ni fedha zinazolipwa mara moja, askari anapoacha kazi. Akizila zikaisha, zimekwisha.

Pili kuna pensheni. Hii hulipwa kila mwezi, au kila baada ya miezi kadhaa, maisha yote ya mstaafu. Kwa kawaida hupewa askari aliyetumika miaka mingi.

Tatu kuna malipo ya kilema. Askari aliyeumia kazini hupimwa na madaktari, nao huandika kilema chake ni kiasi gani kwa mia. Aliyepoteza kidole hapati sawa na aliyepoteza macho yote mawili. Basi karatasi ya daktari ndiyo mizani ya malipo haya.

Nne kuna malipo ya warithi. Askari akifa kazini, fedha huenda kwa mjane, watoto au wazazi, kama sheria ya nchi inavyosema na kama majina yao yalivyoandikwa.

Mbali na haya kuna msaada wa vyama vya hisani, kama chakula, dawa, au mguu wa bandia. Msiuchanganye na hayo manne. Msaada huombwa, lakini haki hudaiwa.

WAPAGAZI WASIOANDIKWA

Katika Dar es Salaam kuna mtaa wa Kariakoo, na Nairobi kuna Kariokor. Majina haya yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Waingereza waliandika mamia ya maelfu ya wapagazi ili wabebe risasi na chakula kupita porini. Waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Inakadiriwa kwamba karibu watu 100,000 hawakurudi makwao.

Wengi walikufa mshahara wao haujalipwa. Karani aliandika jina kama masikio yake yalivyolisikia. Mtu wa kijiji fulani aliandikwa kwa jina la kabila tu, au kwa jina la utani alilopewa njiani. Vita vilipokwisha, jamaa zake hawakupatikana, na fedha zake zikabaki mikononi mwa serikali. Mama yake alingoja kijijini, na fedha zilingoja ofisini, lakini hapakuwa na karatasi ya kuwakutanisha.

Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ya uchunguzi wake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Zaidi ya miaka 100 imepita, na majina bado yanatafutwa.

UFAGIO WA MWANZA

Upande wa Wajerumani nako kulikuwa na askari Waafrika. Mkuu wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekufa mwaka 1964. Mwaka huo bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa deni la mshahara askari wale waliokuwa bado hai.

Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, na wazee kama 350 wakafika. Waliokuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918 walikuwa wachache sana. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi yule mwenye fedha akapata shauri. Kila mzee aliyesogea alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Ufagio begani, ufagio chini, geuka! Wazee wakakumbuka, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Watu hucheka wakisikia hadithi hii, na ni ya kuchekesha kweli. Lakini fikirini kidogo. Askari aliyepoteza mkono angeushika vipi ufagio? Na mjane, ambaye hakufundishwa gwaride, angefanya nini? Wanaohitaji malipo kuliko wote ndio wasioweza kusimama na kuonyesha. Mjane na kilema wanasemewa na karatasi.

ASKARI WA KEYA

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, waliingia jeshi la King's African Rifles. Watu waliliita Keya. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma.

Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 manowari ya Wajapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hapakuwa na maiti wa kuzika wala kaburi la kuonyesha. Ushahidi ulikuwa orodha ya majina.

Vita vilipokwisha, askari wengi waliotumika wakati wa vita tu hawakupewa pensheni. Walipewa kiinua mgongo, wakarudi makwao. Tena malipo hayo hayakuwa sawa. Mwaka 2019 waandishi wa habari walionyesha hati ya zamani ya serikali ya Uingereza. Hati ilieleza kwamba askari Mwafrika alihesabiwa karibu theluthi moja tu ya fedha alizohesabiwa askari Mzungu wa cheo kile kile, kwa kila mwezi wa kazi.

Hapa kosa halikuwa la karani wala la cheti kilichopotea. Sheria yenyewe ilikuwa ya dhuluma. Wazee walikuwa wakinung'unika miaka mingi, na wengi hawakuwasadiki. Maandishi ya serikali yenyewe ndiyo yaliyoshuhudia kwamba walisema kweli.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa mamilioni ya pauni kwa askari wakongwe maskini wa Jumuiya ya Madola waliotumika kabla ya nchi zao kupata uhuru, pamoja na wajane wao. Msaada huo ulipitia kwa chama cha askari wastaafu wa Jumuiya ya Madola, kilichoundwa Cape Town mwaka 1921. Ulikuwa msaada mwema. Lakini wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa.

SIKU HIZI

Msidhani kwamba haya ni mambo ya zamani tu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na wengine wengi walijeruhiwa.

Mlinzi wa amani akifa au akipata kilema, Umoja wa Mataifa hulipa fidia. Lakini haumlipi mjane moja kwa moja. Nchi ya askari ndiyo inayopeleka madai, pamoja na cheti cha kifo au taarifa ya madaktari. Fedha hurudi kwa serikali ya nchi hiyo, nayo huwapa warithi. Tazameni njia ilivyo ndefu. Kila kituo kina meza, na kila meza huuliza karatasi.

KARATASI ZA KUTUNZA

Sasa andikeni katika madaftari yenu. Nyumba yenye askari, au iliyokuwa na askari, itunze vitu hivi:

1. Cheti cha kuachiliwa jeshini, chenye jina na namba ya askari.
2. Karatasi ya daktari, inayoeleza aliumia lini, wapi, na katika kazi gani.
3. Cheti cha ndoa.
4. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote.
5. Cheti cha kifo, ikiwa askari amefariki.

Liko jambo jingine ambalo husahauliwa sana. Kijana akiingia jeshini, huulizwa jina la jamaa yake wa karibu. Mara nyingi hutaja mama yake, maana bado hajaoa. Baadaye huoa na kupata watoto, lakini hakumbuki kubadilisha maandishi. Akifa, ofisi hufungua jalada na kumwona mama peke yake. Hapo ndipo ugomvi wa mkwe na mama mkwe unapozaliwa, na hali wote wawili wanalia msiba mmoja. Kama una mwana jeshini, au mume, mwulize akija likizo: "Jina langu limo? Watoto wamo?" Si uchuro kuuliza hivyo. Ni kuwatunza walio hai.

Na ikiwa jina la jeshini si sawa na jina la nyumbani? Mtu huenda kwa hakimu au wakili akala kiapo cha maandishi kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Afadhali afanye hivyo mwenyewe angali hai.

Mwisho, jihadharini. Msimpe mtu cheti chenyewe akienda nacho, mpeni nakala. Msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi msiyoisoma. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya ninyi kuwa darasani jioni hii.

BARUA YA MADAI

Barua ya madai iwe fupi. Nakilini mfano huu, mkijaza nafasi zilizo wazi:

"Bwana Mkuu wa Ofisi ya Pensheni. Mimi, ............, ni mjane wa askari namba ............, aitwaye ............, wa kikosi cha ............ Mume wangu alifariki tarehe ............ Tuna watoto ............ Naomba kujulishwa malipo yanayotuhusu. Naambatisha nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha kifo. Anwani yangu ni ............ Mimi wako mtiifu, ............"

Andika tarehe juu ya barua. Weka nakala nyumbani. Ukiipeleka kwa mkono, omba mpokeaji atie mhuri kwenye nakala yako. Miezi mitatu ikipita bila jibu, andika tena, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiinua mgongo: fedha za mara moja za kuacha kazi.
Fidia: malipo kwa ajili ya hasara au jeraha.
Mrithi: mwenye haki ya kupata mali ya marehemu.
Jalada: mkusanyo wa karatasi za mtu mmoja ofisini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya haki na msaada?
2. Kwa nini fedha za wapagazi waliokufa hazikuwafikia jamaa zao?
3. Ufagio wa Mwanza ungemfaa nani, na usingemfaa nani?
4. Katika nyumba yako, vyeti huwekwa wapi? Mvua ikivuja usiku, vitalowa?

Swali la nne mlijibu nyumbani, kwa kuvitazama vyeti vyenyewe. Juma lijalo kila mmoja aje na barua yake iliyojazwa, nasi tutasahihisha pamoja. Kwaherini.