Kirusi cha Rota na Sura Zake Nyingi: Mbona Mtoto Aliyechanjwa Anaharisha?

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Tunduma swali moja hurudi mara kwa mara: "Mtoto wangu alipewa matone yote kliniki, mbona bado anaharisha?" Wengine huhitimisha kwamba chanjo haifai kitu. Wengine husema ni meno ya plastiki, wakampeleka mtoto kukatwa fizi. Tulitazame swali hili kwa utulivu, maana jibu lisilo sahihi linaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Kwanza, kuharisha kuna vyanzo vingi: bakteria, vimelea, na virusi mbalimbali kama norovirusi na adenovirusi. Matone yale hukinga dhidi ya kimoja tu, kirusi cha rota, ambacho huwaletea watoto wadogo kuharisha kukali sana. Waseminari watalitambua jina hilo: rota kwa Kilatini ni gurudumu. Ruth Bishop na wenzake walikigundua mwaka 1973 kwa watoto wagonjwa mjini Melbourne, Australia, na kwenye hadubini huonekana cha mviringo kama gurudumu.

Pili, rota yenyewe ina sura nyingi. Vinasaba vyake vimegawanyika katika vipande 11. Kwenye gamba lake la nje kuna protini mbili ambazo wataalamu huzitumia kutaja aina yake kwa herufi G na P pamoja na namba: G1P[8], G2P[4], G8P[4] na nyinginezo. Fikiria malori mawili kwenye foleni ya mpakani, kila moja na magunia 11. Yakipakuliwa mahali pamoja na kupakiwa upya kwa haraka, lori moja huondoka na magunia ya mwenzake. Ndivyo inavyoweza kuwa mtoto anapoambukizwa aina mbili kwa wakati mmoja: vipande huchanganyika, na aina mpya huzaliwa. Nasi tunaishi katika mji ambao kila siku watu huvuka kwenda na kutoka Zambia; kirusi huvuka nao bila pasipoti.

Chanjo iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, katika wiki ya 6 na ya 10 baada ya kuzaliwa, ilitengenezwa kwa kirusi kilichodhoofishwa cha aina ya G1P[8]. Je, inafaa kitu aina nyingine zikija? Jibu liko karibu, ng'ambo ya Mto Songwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba nchini Malawi, ambako aina za rota ni nyingi, chanjo hiyo ilipunguza visa vikali vya rota kwa karibu nusu katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Afrika Kusini ilivipunguza kwa asilimia 77. Lakini kwa kuwa Malawi watoto wengi zaidi huugua, hiyo nusu ilikuwa visa vingi zaidi vilivyoepukwa kwa kila watoto 100.

Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa anaweza kuharisha, ila uwezekano wa kuzidiwa na rota hupungua sana. Na kwa kuwa kinga si kamili, tusiache mengine. Mtoto akianza kuharisha, aendelee kunyonya na apewe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, pamoja na vidonge vya zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Akilegea, macho yakibonyea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, awahishwe kituo cha afya. Kinachoua ni upungufu wa maji mwilini, na kumkata fizi hakurudishi hata tone moja. Humwongezea jeraha na kumcheleweshea tiba.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya waulize kwa upole: kadi ya kliniki ya mtoto imekamilika?