Majina ya Mimea ya Dawa katika Kiswahili na Wajibu wa Mtunga Kamusi

Makala hii yahusu majina ya mimea ambayo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake huitumia nyumbani kwa ajili ya afya ya kila siku: ile itiwayo katika chai au uji wa mzazi, ile ya kujifukiza, na ile ipakwayo juu ya ngozi au kutafunwa kwa ajili ya meno. Nia yetu si kufundisha uganga, kwani kazi hiyo ina wenyewe. Nia yetu ni kuonyesha kwamba katika matibabu ya nyumbani jina la mmea ndilo cheti cha dawa. Mama anayemtuma mtoto kwa jirani akachume majani hampi picha wala kipimo; humpa jina tu. Jina likiwa si thabiti, dawa nayo haiwi thabiti. Kwa sababu hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa makini zaidi kuliko ilivyo desturi katika kamusi zetu.

1. Mti na kitu kitokacho katika mti

Kiswahili kina njia yake ya kutenga mmea na kile kinachopatikana katika mmea huo. Mmea huwekwa katika ngeli ya M-MI, na tunda, mbegu au utomvu wake huwekwa katika ngeli nyingine. Hivyo twasema mkarafuu na karafuu, mkwaju na ukwaju, mpera na pera, mshubiri na shubiri. Mgeni wa lugha hudhani kwamba tofauti hii ni ya sarufi peke yake, lakini kwa mtumiaji wa dawa ina maana kubwa. Mtu aliyeambiwa atumie ukwaju hupewa tunda chachu lililolowekwa, ambalo hulainisha tumbo. Aliyeambiwa atumie mkwaju hana budi kuuliza tena kama ni gome, jani au mzizi.

Tofauti hii yaonekana wazi zaidi katika mshubiri. Ndani ya jani lake nene mna ute usio na rangi ambao watu hupaka juu ya ngozi iliyoungua. Chini tu ya ganda la jani hilo hilo mna utomvu wa manjano, mchungu mno, ambao huendesha tumbo kwa nguvu. Utomvu huo ndio shubiri hasa, ile ambayo uchungu wake umekuwa mfano katika maneno ya watu, na ambayo kina mama wamezoea kuipaka katika chuchu ili mtoto aachishwe ziwa. Siku hizi jina la shubiri hutumika pia kwa mmea mzima na hata kwa ute wake. Jina likitanuka namna hiyo, tahadhari iliyokuwa ndani yake hupotea.

Mfano wa namna nyingine ni mswaki. Zamani mswaki ulikuwa mti, yaani Salvadora persica ya wanabotania, na kijiti chake kilichotafunwa ncha ndicho kilichosafisha meno. Leo vijana wengi wakisikia mswaki hufikiri kifaa cha plastiki cha dukani. Jina limehama kutoka mti hadi kazi ya mti, na mwenye kutaka kuutaja mti wenyewe hulazimika kusema “mti wa mswaki”.

2. Majina yaliyosafiri pamoja na dawa

Mengi ya majina haya yaeleza historia ya pwani. Karafuu ni neno la asili ya Kiarabu, na mkarafuu wenyewe, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ulienea Unguja na Pemba katika karne ya 19. Watu huweka punje ya karafuu juu ya jino linalouma, na desturi hiyo ina msingi, kwa kuwa mafuta ya karafuu yana kitu kinachotia ganzi. Habasoda ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa, maana yake mbegu nyeusi. Sanamaki, ambayo majani yake huharisha, ni sana ya Makka. Katika pilipili manga, ambayo hutiwa katika uji wa mwanamke aliyejifungua, neno manga ni jina la zamani la Uarabuni. Ndilo lililomo pia katika komamanga.

Ureno nayo imeacha alama yake. Pera kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, lile la Ulaya, lakini pwani jina hilo lilipewa tunda la mti uliotoka Amerika, na majani ya mpera yamekuwa dawa ya nyumbani ya kuharisha kana kwamba mti huo ulikuwapo tangu zamani.

Asili ya jina ikisahauliwa, watu hulitungia maana mpya. Kitunguu saumu chatokana na neno la Kiarabu la kitunguu hicho hicho, thumu, na wapo watu wa pwani wanaosema kitunguu thomu mpaka leo. Lakini kwa kuwa sauti ya mwanzo ya neno hilo imegeuka kuwa s, neno limefanana na saumu yenye maana ya kufunga, na wako wanaodhani kwamba kitunguu hiki kina uhusiano na mwezi wa Ramadhani. Ni maneno mawili ya mbali, yaliyokutana mlangoni.

3. Jina lenye kudai

Baadhi ya majina hayaelezi mmea ulivyo, bali hudai nguvu yake. La kwanza ni mwarobaini, Azadirachta indica, mti uliotoka Bara Hindi, ambao watu hueleza kwamba umeitwa hivyo kwa sababu unaponya maradhi arobaini. Hesabu hii si ya daftari. Arobaini hapa ni neno la wingi na la sifa. Majani yake yana matumizi mengi ya kweli, hasa katika ngozi na katika kufukuza wadudu waharibifu wa nafaka. Lakini jina la sifa si ushahidi. Mafuta ya mbegu za mti huo yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, na jina lenyewe halimwonyi mzazi. Mtunga kamusi akiandika tu kwamba ni mti unaotibu maradhi arobaini, bila kueleza kwamba hiyo ni maana ya jina wala si kazi ya dawa, atakuwa ameligeuza sifo la watu kuwa hukumu ya kitabu.

Zaidi ya hayo, mwarobaini una nduguye anayefanana naye, Melia azedarach, ambao hupandwa kwa kivuli na uzuri. Wako wanaouita kwa jina hilo hilo la mwarobaini au kwa jina lililotokana nalo. Matunda ya mti huu ni sumu kwa mwanadamu. Alama za kuitenga zipo: jani la mwarobaini hugawanyika mara moja tu, na maua yake ni meupe, jani la mwenzake hugawanyika mara mbili, na maua yake yaelekea rangi ya zambarau. Alama hizo chache zingetosha kuingizwa katika mstari mmoja wa kamusi.

4. Jina moja, mimea miwili; mmea mmoja, majina mengi

Hatari hii yaonekana wazi kuliko pote katika jina mbono. Mahali pengi mbono ni mmea uitwao pia mbarika au mnyonyo, Ricinus communis, ambao mafuta yake yajulikana kama mafuta ya nyonyo na tangu zamani yametumika kuharisha na kupaka mwili na nywele. Mbegu zake zina sumu kali. Mafuta yaliyotengenezwa vema huachana na sumu hiyo, nayo hubaki katika machicha. Mmea wa pili ni mbono kaburi, Jatropha curcas, uliotoka Amerika na hupandwa sana kuwa ua. Mbegu zake humtapisha na kumharisha vibaya anayezila, na watoto hudanganyika kwa kuwa hazina ladha mbaya. Ganda la tunda la mbono wa kwanza lina miiba miiba laini, na mbegu zake zina madoadoa. Ganda la mbono kaburi ni laini, na mbegu zake ni nyeusi.

Hapa neno kaburi ndilo linalobeba tofauti yote. Likiachwa, kama lilivyo jambo la kawaida katika mazungumzo ya haraka, mimea miwili yabaki na jina moja. Basi sifa inayofuata jina, kama vile kaburi, mwitu, pori au manga, isihesabiwe kuwa kiambatisho kisicho na kazi. Ni sehemu ya jina.

Kwa upande wa pili, mmea mmoja huwa na majina kadha wa kadha. Mlonge ndio mzunze. Mwarobaini huitwa mkilifi na baadhi ya watu wa pwani ya Kenya. Kivumbasi ni kirumbasi kwa wengine, na jina hilo huenea juu ya aina zaidi ya moja za Ocimum, jamaa ya mrehani, zenye harufu kali inayosifiwa kwa kufukuza mbu. Wingi huu si kasoro ya lugha. Katika kijiji kimoja kila mtu ajua kitajwacho. Matata hutokea jina linapoondoka kijijini. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, habari za kujifukiza zilienea Tanzania pamoja na orodha za majani, zikapita kwa simu kutoka mkoa hadi mkoa. Orodha hizo zilikuwa majina matupu, nazo ziliwafikia watu ambao kwao jina lile lile huenda likawa la mmea mwingine.

5. Yafaayo kuandikwa

Kazi nzuri imekwisha kufanywa. Padre Charles Sacleux, katika kamusi yake iliyochapishwa Paris baina ya 1939 na 1941, aliandika majina ya kibotania ya mimea mingi sana. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Amani, Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na chapa yake ya pili ni ya mwaka 1940. J. O. Kokwaro alichapisha kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1976. Lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili peke yake, akifungua kamusi ya lugha yake, mara nyingi hukuta maneno kama “aina ya mti” na hakuna zaidi.

Twapendekeza basi kwamba kila jina la mmea wa dawa liandikwe pamoja na mambo matano: jina la kibotania, mahali jina hilo linapotumika, majina mengine ya mmea huo, sehemu itumikayo na tendo lake, kama kuloweka, kuchemsha, kutwanga au kufukiza, na onyo, ikiwa mmea au nduguye ana sumu. Mambo hayo hayatafutwi mezani. Yataka mtu aende na mjuzi wa mahali hapo mpaka penye mti, achukue tawi lenye maua, na kulipeleka kwa wanabotania.

Wazee wajuao majina haya wazidi kupungua, na jina likifa haliondoki peke yake, bali huondoka na maonyo yaliyokuwa ndani yake. Mwenye kuandika “mbono kaburi” kwa ukamilifu, na kueleza kwa nini, ameihudumia lugha. Na huenda pia amemwokoa mtoto.