Majitaka Mpanda: Karo au bomba, kipi nafuu kwa mwenye nyumba?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MJI wa Mpanda, ulioanza kukua mwishoni mwa reli itokayo Kaliua, leo ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, na ongezeko la watu limeanza kuulemea hata chini ya ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika eneo la mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka 10. Vinyesi vyao huishia kwenye vyoo vya shimo au, kwa wenye uwezo, kwenye makaro yaliyojengwa uani.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye nyumba wa Makanyagio, Majengo na Kashaulili hawataweza kulikwepa milele: iwapo manispaa itapata mtandao wa mabomba ya majitaka, kama ilivyo Moshi, Iringa na Tabora, kuliacha karo na kuunganishwa kutakuwa nafuu au mzigo?

Karo lililojengwa sawasawa lina sehemu mbili. Katika tangi, uchafu mzito huzama na kuoza; maji yanayobaki juu hupita kwenye shimo la kufyonzea na kupotelea ardhini. Tope likiachwa miaka mingi bila kunyonywa huhamia shimo la pili, udongo huziba, na tangu siku hiyo mwenye nyumba huwa mtumwa wa gari la majitaka.

Hesabu yake si ngumu. Kaya ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, hutumia lita 360. Tuseme asilimia 80 hugeuka majitaka: ni lita 288 kwa siku, zaidi ya lita 8,600 kwa mwezi. Shimo likifyonza vizuri, gari huitwa mara moja baada ya miaka kadhaa. Likiziba, kiasi hicho kinakaribia shehena nzima ya gari kila mwezi.

Nayo hesabu hupanda kadiri maji yanavyofika majumbani. Mpanda ni miongoni mwa miji 28 iliyomo katika mradi wa maji unaogharimiwa kwa mkopo wa India wa dola za Marekani milioni 500, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Achotaye ndoo mbili kisimani hana majitaka ya kumsumbua. Aliyeingiza bomba na choo cha kuvuta anayo tele.

Bomba la majitaka nalo si la bure. Kwa kawaida mwenye nyumba hugharimia mabomba na chemba kutoka nyumbani kwake hadi bomba kuu. Tatizo ni kwamba karo huwa nyuma ya nyumba, ilhali bomba kuu hupita barabarani. Huenda ikabidi kuvunja sakafu ili kugeuza mwelekeo. Nyumba iliyo chini kuliko bomba haiwezi kutiririsha bila pampu. Karo la zamani lazima linyonywe na kufukiwa. Baada ya hapo huja ada ya kila mwezi, ambayo hukadiriwa kwa kiasi cha maji yaliyotumika, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA baada ya kupokea maoni ya wadau.

Kwa hiyo faida haiwi sawa kwa wote. Aliyejenga vyumba vya kupangisha hadi ukutani, asiye na nafasi ya kuchimba shimo jingine, ana kila sababu ya kuunganishwa. Mwenye kaya ndogo na kiwanja kikubwa hana haraka hiyo, isipokuwa kama jirani yake anakunywa maji ya kisima kifupi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi kilionyesha kwamba shimo la mtu mmoja si siri yake peke yake.

Mabomba pia yanahitaji maji ya kusukuma uchafu. Yakikatika mara kwa mara, huziba. Mwanza, kwenye vilima vya mawe ambako magari hayafiki, yalitandazwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, kwa gharama ndogo kuliko mtandao wa kawaida. Njia nyingine ni kuyaacha makaro na kuwekeza katika magari na mabwawa ya kutibu tope, mradi makaro hayo yajengwe kwa viwango.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya mwezi. Ada ya kuunganishwa, na kama itapokelewa kwa awamu, huulizwa baadaye, ingawa ndiyo itakayomzuia mjane mwenye vyumba viwili mlangoni.