Kulifikia Jalada la Mgonjwa Bila Kuacha Mlango Wazi

Kwa miaka mingi jalada la mgonjwa lilitunzwa katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ukawa mikononi mwa mtunza kumbukumbu. Siku hizi majalada ya vituo vingi vya afya yamo ndani ya kompyuta, ilhali wanaoyahitaji hawapo kituoni wakati wote. Daktari aliye nyumbani hupigiwa simu usiku kuulizwa juu ya majibu ya maabara. Mhasibu huandaa madai ya bima akiwa katika tawi jingine. Je, hawa watafunguliwaje bila kumfungulia kila mpita njia?

Njia inayofaa ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti ya umma. Hata hivyo, mafundi wengi wanapoanza kuuweka hukwama kwenye kile kisanduku chenye taa kilichofungwa ukutani na kampuni ya intaneti: ruta. Kazi ikikwama hapo, watu hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo inayomdhuru mgonjwa.

Yaliyotokea Ufini

Mnamo Oktoba 2020, wananchi wa Ufini walipata habari kwamba kumbukumbu za kampuni ya Vastaamo, iliyotoa tiba ya kisaikolojia, zilikuwa zimeibwa. Maelfu ya wagonjwa walipokea ujumbe wa kutakiwa kulipa fedha, la sivyo maneno waliyomweleza mtaalamu faraghani yangetangazwa. Uchunguzi wa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo ulibaini kwamba hifadhidata ya wagonjwa ilikuwa imeachwa ikifikika kutoka intaneti bila kinga ya kutosha. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo ikatozwa faini ya yuro 608,000. Faini huweza kulipwa. Siri iliyokwisha kusambaa hairudishwi.

Ruta na simu ya mapokezi

VPN hujenga njia iliyofungwa kati ya kompyuta ya daktari na mtandao wa kituo. Kila kinachopita humo hugeuzwa kuwa maandishi ya fumbo, hata kampuni ya intaneti isiweze kuyasoma. Matumizi haya yasichanganywe na yale ya programu za kuficha mahali alipo mtu anapovinjari. Hapa lengo ni kuingia ofisini kwa usalama.

Ugumu unatokana na uhaba wa anwani. Mfumo wa anwani za intaneti unaotumika zaidi, IPv4, una takribani anwani bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Kwa hiyo vifaa vyote vya kituo hutumia anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, na ruta huviwakilisha vyote nje kwa anwani moja. Inafanana na simu ya hospitali yenye namba moja: wodi yoyote yaweza kupiga nje, lakini apigaye kutoka nje huishia mapokezi, asiunganishwe na yeyote mpaka mpokeaji awe ameelekezwa. Ruta isiyoelekezwa huitupa simu hiyo.

Hali tatu

Hatua ya kwanza ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya ruta na kusoma anwani iliyopewa upande wa nje, kisha kuilinganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua anwani. Hapo kituo kitajijua kimo katika hali ipi.

Hali ya kwanza: anwani hizo mbili zinafanana. Ruta huelekezwa kupokea mlango mmoja tu na kuupeleka kwenye kompyuta inayoendesha VPN, ambayo nayo hupewa anwani ya ndani isiyobadilika. Programu huria ya WireGuard kwa kawaida hutumia mlango namba 51820 wa UDP. OpenVPN hutumia 1194. WireGuard ina sifa moja ya kupendeza: haimjibu kabisa asiye na ufunguo, hata mgeni asijue kama kuna mlango. Iwapo anwani ya nje hubadilika mara kwa mara, hutumika huduma ya jina linaloifuata anwani hiyo kila inapobadilika.

Hali ya pili: kituo kimenunua ruta yake na kuiweka nyuma ya ile ya kampuni. Hapo pana mapokezi mawili, na simu hukwama ya kwanza. Dawa yake ni kuiomba kampuni iigeuze ruta yake kuwa daraja tupu la kupitisha mawasiliano, au kuelekeza mlango uleule katika ruta zote mbili.

Hali ya tatu ni ya kawaida kwa intaneti ya mitandao ya simu: kampuni yenyewe huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Dalili yake ni anwani ya nje ya ruta kuanza na 10, au kuwa kati ya 100.64 na 100.127. Hapa fundi aweza kuhangaika na ruta mchana kutwa bila mafanikio, kwa kuwa mapokezi yanayomzuia yako kwa kampuni. Kituo chaweza kuomba anwani ya kudumu ya umma, ambayo aghalabu hulipiwa. La sivyo, hukodi kompyuta ndogo yenye anwani ya umma mahali pengine. Kituo huipigia kutoka ndani na kuiweka laini hai kwa ishara fupi, kwa mfano kila baada ya sekunde 25, na daktari naye huunganishwa kupitia hapo.

Katika hali zote tatu, kosa la kuepukwa ni moja: kufungua mlango wa hifadhidata au wa kuitawala kompyuta kutoka mbali moja kwa moja kwenye intaneti. Jambo hilo huchukua dakika tano, nalo huonekana kufanya kazi vizuri mpaka siku mtu asiyetakiwa anapoingia.

Liko pia tatizo dogo linalosumbua wengi. Nyumba nyingi hutumia anwani za 192.168.0 au 192.168.1, kituo kikitumia hizohizo, kompyuta ya daktari haitajua kama inatafuta kifaa cha nyumbani au cha kazini. Heri kituo kichague mapema fungu lisilo la kawaida, kama 10.47.12.

Funguo na watu

Kila mtumishi apewe ufunguo wake, na kila kifaa kiwe na wake. Simu ikipotea au mtumishi akihama, ufunguo huo mmoja hufutwa siku hiyohiyo bila kuwasumbua wengine. Nywila ya ruta iliyokuja nayo kutoka kiwandani ibadilishwe, na mfumo wa zamani wa PPTP usitumike, kwani fumbo lake hufumbuliwa. VPN humfikisha mtu ndani ya jengo tu. Programu ya kumbukumbu bado imdai nywila yake na iandike alichofungua. Kompyuta yenye virusi nayo huvipitisha katika njia hiyo salama kama ilivyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Aidha, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kujiandikisha kwake. Kituo kitimize sharti hilo kabla ya kuanza.

Mgonjwa hana haja ya kujua namba za milango, lakini anayo haki ya kuuliza: ni nani awezaye kuyaona majibu yangu akiwa nje ya kituo, na kwa njia gani? Akijibiwa kwamba hupigwa picha na kutumwa kwa simu ya daktari, ajue kwamba kabati bado halina kufuli. Mara nyingi mtumishi hafanyi hivyo kwa uzembe, bali kwa kukosa njia nyingine saa nane za usiku. Wajibu wa uongozi ni kumpa njia iliyo salama na nyepesi kiasi kwamba hatashawishika kuiacha.