Tovuti Inaposhuka Nafasi: Namna ya Kukabili Mabadiliko ya Kanuni za Google

Mtambo wa utafutaji ni programu inayopita katika kurasa za intaneti usiku na mchana, ikazisoma na kuzihifadhi katika faharasa yake, kisha mtu anapoandika swali humpangia kurasa hizo kwa mfuatano ambao mtambo wenyewe umeukadiria kuwa unamfaa. Mfuatano huo huamuliwa na algoriti, yaani mlolongo wa kanuni za kihesabu unaoupima kila ukurasa kwa vigezo vingi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa wasomaji wengi hubofya majibu machache ya mwanzo bila kufika ukurasa wa pili, tovuti iliyoshuka nafasi kumi inaweza kupoteza sehemu kubwa ya wasomaji wake na mapato yake ya matangazo ndani ya siku chache. Google, inayoshika sehemu kubwa ya utafutaji duniani na hapa Afrika Mashariki, hufanya maelfu ya mabadiliko kila mwaka. Kwa hesabu zake yenyewe, mwaka 2022 yalizidi 4,000. Mengi hayatambuliki. Machache, yanayoitwa masasisho makuu, hutangazwa hadharani, mara nyingi huchukua wiki mbili au zaidi kuenea, na ndiyo yanayowakosesha usingizi wenye tovuti.

Sababu ya mabadiliko hayo yasiyokoma imo katika chimbuko la mtambo wenyewe. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mbinu waliyoiita PageRank, ambayo ilikihesabu kila kiungo, yaani maandishi yanayobofywa ili kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, kama kura inayopigiwa ukurasa unaoelekezwa, huku kura ya ukurasa wenye hadhi ikipewa uzito mkubwa zaidi. Mbinu hiyo ilikuwa bora kuliko kuhesabu maneno tu, lakini kipimo kikishajulikana hakikawii kuchezewa: likazuka soko la kuuziana viungo. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vilivyopachikwa katika tovuti zisizohusiana vilikuwa vimeliinua duka la J. C. Penney la Marekani hadi nafasi ya kwanza kwa bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi matandiko. Kampuni ilikana kuhusika, na Google ikaiteremsha. Kila ulaghai wa aina hiyo huwalazimisha wahandisi kubadili kanuni, na kila kanuni mpya huwakumba pia watu ambao hawakulaghai.

Mwezi huohuo ndipo lilipotoka sasisho lililokuja kujulikana kwa jina la Panda, kutokana na jina la mhandisi Navneet Panda, likagusa karibu asilimia 12 ya maswali yaliyoulizwa Marekani. Shabaha yake ilikuwa tovuti zilizozalisha makala nyingi za haraka na za bei nafuu kwa kufuata tu maneno yanayotafutwa na watu. Mfano unaotajwa zaidi ni kampuni ya Demand Media, mmiliki wa tovuti ya eHow, iliyoingia katika soko la hisa la New York Januari 2011 ikiwa na thamani iliyoipita kwa muda kampuni inayochapisha New York Times. Wimbi la kwanza halikuidhuru eHow, lakini wimbi la Aprili mwaka huo liliifikia, na kampuni haikurudi tena kwenye utukufu ule. Mwaka 2016 ilibadili hata jina lake.

Aprili 2012 likafuata sasisho la Penguin, lililolenga viungo vya kununuliwa na vya kupeana kwa mapatano, likaathiri takriban asilimia 3.1 ya maswali ya Kiingereza. Ukali wake haukuwa katika adhabu pekee, kwa maana kanuni hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa vipindi: mwenye tovuti aliyeondoa viungo vyote vibaya hakuweza kupanda hadi kipindi kingine kifike. Kati ya Oktoba 2014 na Septemba 2016, wakati Penguin ilipoingizwa katika algoriti kuu na kuanza kufanya kazi papo kwa papo, watu waliokwisha kurekebisha makosa yao walingoja karibu miaka miwili, na wapo waliofunga biashara wakingoja. Ni haki kusema kwamba huo ulikuwa udhaifu wa mtambo, hata kama lengo lake lilikuwa jema.

Kisa cha karibuni zaidi kinaumiza kwa namna nyingine. Agosti 2022 Google ilianzisha mfumo wa kutambua maudhui yenye manufaa, yaani maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji badala ya kuandikwa kwa ajili ya mtambo, na toleo la Septemba 2023 likaziporomosha tovuti nyingi ndogo za wasafiri, wapishi na wapimaji wa bidhaa, zikiwemo zilizoendeshwa na watu wanaojua kazi yao barabara. Februari 2024 tovuti ya HouseFresh, inayopima mashine za kusafisha hewa, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi majarida makubwa yalivyokuwa yakishika nafasi za juu kwa mapendekezo ya vifaa bila dalili kwamba yalivijaribu. Mwezi Machi mfumo huo uliunganishwa na algoriti kuu, na Mei zikaanza kutumika sheria dhidi ya tovuti kubwa zinazopangisha kurasa zao kwa wengine ili watumie sifa za tovuti hizo. Oktoba mwaka huo Google iliwaalika baadhi ya wamiliki walioathirika kwenye makao yake makuu, California, kuwasikiliza. Kwa hiyo dhana kwamba kila anayeshuka amekosea haina msingi: masasisho makuu hulinganisha kurasa upya, na ukurasa usio na kosa unaweza kushuka kwa sababu mwingine ameonekana bora, au kwa sababu mtambo umekadiria vibaya.

Namna ya kukabili hali hiyo huanza na utambuzi wa kilichotokea, na hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka. Google hutoa bure chombo kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti ni mara ngapi kurasa zake zimeonekana katika majibu, zimebofywa mara ngapi na zilikuwa katika nafasi ya ngapi kwa wastani. Namba hizo tatu zikisomwa pamoja husema mengi. Ikiwa nafasi na maonyesho havijabadilika ilhali mibofyo imepungua, huenda tatizo liko katika sura ya ukurasa wa majibu, kwa mfano muhtasari wa akili bandia ulioanza kuwekwa juu ya viungo nchini Marekani Mei 2024, ambao humwezesha msomaji kupata jibu bila kubofya popote. Ikiwa kurasa zote zimetoweka kwa siku moja, ni vyema kwanza kukagua ufundi: fundi aliyehamisha tovuti anaweza kuwa ameacha amri inayoizuia mitambo kuingia. Na ikiwa kurasa zilizoshuka ni za msimu, pengine hakuna kilichoharibika. Ukurasa wa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hufurika yanapotangazwa, na kupwaya kwake miezi inayofuata ni jambo la kutarajiwa.

Ipo pia tofauti kati ya adhabu na mpangilio mpya. Adhabu hutolewa na mfanyakazi wa Google aliyeikagua tovuti, huarifiwa kwa maandishi ndani ya Search Console, na mhusika akisharekebisha huomba ukaguzi upya. Mpangilio mpya hauna barua wala rufaa. Anayeutibu kama adhabu, akaanza kukana viungo ovyo na kufuta makala kwa mamia, huweza kujiumiza kuliko sasisho lilivyomuumiza.

Sasisho likiwa bado linaenea, nafasi huyumba kila siku, hivyo ushauri wa Google yenyewe ni kungoja walau wiki moja baada ya kukamilika kwake, kisha kulinganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia mwanzo wa sasisho. Kushuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 4 hakuhitaji hatua kubwa; kushuka kutoka ya 4 hadi ya 29 kunadai kurasa zisomwe upya kwa jicho la mgeni. Je, makala ina jambo ambalo haliko katika makala nyingine kumi za mada hiyohiyo? Je, mwandishi anatajwa, na ana ujuzi gani wa kumfanya aaminiwe? Maswali hayo huwa mazito zaidi kwa kurasa zinazogusa afya na fedha za watu, kwani kosa dogo humo linaweza kumgharimu msomaji uhai au akiba yake. Sasisho la Agosti 2018 liliziyumbisha sana tovuti za tiba. Kubadili tarehe ya makala bila kubadili yaliyomo, au kuirefusha kwa kudhani kwamba mtambo hupenda maneno mengi, ni kazi bure: Google imekwisha kusema kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea.

Kwa tovuti za Kiswahili lipo jambo mahususi. Desemba 2019 Google ilipanua matumizi ya BERT, mbinu ya kuelewa neno kwa kulitazama pamoja na maneno yanayolizunguka, hadi lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo, na tangu hapo kurudiarudia maneno yaleyale kwa matumaini ya kupanda kumezidi kupoteza maana. Sheria za Machi 2024 nazo zinahesabu kuwa ulaghai uzalishaji wa kurasa nyingi kwa kutafsiri maandishi ya wengine kwa mashine pasipo kuongeza chochote. Mwenye blogu ya kilimo anayeeleza magonjwa ya mihogo kama yalivyoonekana shambani, na picha alizopiga mwenyewe, anatoa kitu ambacho tafsiri ya mashine haiwezi kukitoa, na hilo linastahili jitihada kuliko hila yoyote. Aidha, wasomaji wengi wa lugha hii hutumia simu na hununua data kwa vifurushi, kwa hiyo ukurasa mwepesi ni heshima kwao kabla haujawa sifa mbele ya mtambo. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Hata hivyo, hakuna marekebisho yanayompa mtu hakika ya kurejea, na Google hutamka wazi kwamba haimhakikishii mtu nafasi. Chombo cha habari kinachopata takriban wasomaji wake wote kutoka mtambo mmoja kimekabidhi uhai wake kwa uamuzi wa kampuni isiyokijua. Wasomaji wanaojiandikisha kupokea makala kwa barua pepe, wanaofuata chaneli ya WhatsApp au wanaoandika jina la tovuti moja kwa moja hawaondolewi na sasisho lolote, na kuwapata huchukua miaka, ndiyo maana kazi hiyo inapaswa kuanza wakati mambo yangali mazuri. Jambo jingine la kufanya mapema ni dogo lakini husahaulika: Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16 tu, kwa hiyo kila mwenye tovuti na azipakue na kuzitunza tangu sasa, kwani asiyezitunza hataweza kulinganisha hali yake na ya miaka miwili iliyopita siku atakapoihitaji hesabu hiyo.