Kuchanganya Ruwaza na Unamu katika Mapambo ya Sebule

Mtahiniwa, swali la mapambo ya nyumbani huonekana jepesi, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Huorodhesha vitu (pazia, zulia, mito) bila kueleza kwa nini vitu hivyo vinapatana au vinagombana. Alama ziko kwenye sababu.

Maana ya istilahi

Ruwaza ni mpangilio wa maumbo, mistari au rangi zinazojirudia. Mfano: maua ya kitenge, au pembetatu zinazozunguka sonzo, kikapu cha Wasukuma kinachosukwa kwa kukazwa sana.

Unamu ni hali ya uso wa kitu. Unamu halisi huuhisi kwa mkono: mkeka wa mafunjo hukwaruza, kigae huteleza. Unamu wa macho huonekana tu: kitenge kilichochapwa mistari kama ya gome la mti bado ni laini ukikishika.

Simama ufukweni Mwanza uone miamba mikavu karibu na maji ya ziwa. Ukavu wa jiwe unauonesha ulaini wa maji, na maji yanauonesha ukavu wa jiwe. Kazi hiyo huitwa ukinzani.

Kanuni nne

1. Rangi moja ipite kote. Ruwaza tofauti huungana zikiwa na rangi ya pamoja. Tazama kanga: pindo na mji huwa na michoro tofauti, lakini rangi zake ni zilezile.

2. Ruwaza moja itawale. Ikiwa makochi yana maua makubwa, mito iwe na michoro midogo. Ruwaza mbili kubwa hugombania jicho.

3. Pawe na mahali pa kupumzisha jicho. Ukuta au pazia lisilo na mchoro hufanya kazi hiyo.

4. Unamu usaidie pale rangi zinapofanana. Sebule ya rangi ya udongo pekee hupoa. Mkeka wa mafunjo, kitambaa cha kufuma na sonzo ukutani huichangamsha, kwa sababu uso unaokwaruza hufanya vivuli vidogo na uso laini huakisi mwanga.

Swali la mfano

Familia moja ya Ilemela ina makochi ya maua makubwa mekundu, pazia la miraba mikubwa ya kijani na zulia la mistari minene ya bluu. Haina fedha za kununua makochi mapya. Ishauri.

Jibu

Makochi yabaki, kwani ndiyo ghali zaidi. Maua yake yawe ruwaza inayotawala. Pazia libadilishwe kwa kitambaa kisicho na mchoro, chenye rangi iliyomo ndani ya maua, ili jicho lipumzike na rangi ziungane. Zulia liondolewe na utandikwe mkeka wa mafunjo: hauongezi ruwaza kubwa, ila unaleta unamu unaokinzana na ulaini wa makochi. Mwisho, mito miwili ishonwe kwa kanga yenye wekundu huohuo na michoro midogo.

Zingatia: karibu kila ushauri katika jibu hili umefuatwa na sababu. Ukiandika "waweke mkeka" ukaishia hapo, hujajibu swali.

Zoezi: Chunguza sebule ya nyumbani kwenu. Taja ruwaza inayotawala, kisha eleza badiliko moja lisilohitaji fedha litakaloboresha mpangilio.