Kondoo Si Meli: Irabu Fupi na Ndefu za Kiingereza

Mkulima wa Kimana aliyepeleka vitunguu sokoni aweza kukutana na mnunuzi mgeni atajaye bei kwa Kiingereza. Je, amesema "fifteen" au "fifty"? La kwanza ni 15, la pili ni 50. Neno "fifteen" likisemwa peke yake, mwisho wake huvutwa na kutiwa nguvu. Katika "fifty" nguvu iko mwanzoni. Asiyesikia tofauti hiyo atakubali kumi na tano akidhani ni hamsini.

Kiswahili kina irabu tano tu, yaani a, e, i, o na u. Hata hivyo kuvuta sauti si jambo geni kwetu: "kukata" si "kukataa," na rafiki "aliyekufaa" si rafiki "aliyekufa." Kwa hiyo wengi hudhani kwamba Kiingereza nacho chataka kuvuta tu: "ship" ni meli, nawe ukiivuta kidogo wapata "sheep," yaani kondoo.

Dhana hiyo haitoshi. Mwingereza huvuta "seed" kuliko "seat," ingawa irabu ni ile ile, maana t ya mwisho huikata sauti mapema. Tena i fupi ya "bid" yaweza kukaribia kwa urefu ile ndefu ya "beat." Basi apimaye kwa urefu peke yake atapotea. Jambo kubwa ni ulimi. Katika "sheep" ulimi huinuka mbele ya kinywa na midomo hutanuka, karibu kama i ya "sisi." Katika "ship" ulimi hulegea na kushuka kidogo, ukielekea e bila kuifikia.

Hapa Mmasai ametutangulia. Kimasai kina irabu 9, na miongoni mwake zimo i mbili, e mbili, o mbili na u mbili, zitengwazo si kwa urefu bali kwa jinsi shina la ulimi lisogeavyo mbele au kubaki nyuma. A. N. Tucker na J. Tompo ole Mpaayei walizieleza katika sarufi yao iliyotolewa mwaka 1955. Maandishi ya kawaida ya lugha hiyo hutumia herufi tano tu, kwa hiyo macho hayazioni. Lakini sikio la mchungaji lazijua tangu utotoni. Nashangaa kwamba walimu wachache sana huanzia hapo.

Karani naye ajihadhari. Mtu akiomba "to live" katika nyumba, na karani akaandika "to leave," jibu litakalorudi litamtaka ahame!

Zoezi lake ni jepesi. Chora kondoo na meli katika karatasi. Mwenzako, akiwa amekupa kisogo ili usione midomo yake, aseme neno moja, nawe uonyeshe picha kwa kidole. Mara kumi kila jioni, kisha mbadilishane.